Dobi na Mapipa ya Ukungu

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, ukutani mwa duka la dobi. Anayekaa mwisho wa kushoto hana budi kumtaarifu wa kulia kabla ya kuinuka, la sivyo mwenzake atajikuta chini na kikombe chake. Mbele ya benchi pana jiko la mkaa la Shangazi, muuza kahawa, ambaye si shangazi wa mtu yeyote pale ila hakuna anayethubutu kumwita vingine. Mbele ya jiko unapita mtaro. Nyuma ya duka la dobi iko karakana ya binti yake, anayetia rangi suruali za jinzi na kuzifua mpaka zilainike, na maji yake yote humwagikia kwenye mtaro huo. Kwa miezi mingi watu wa benchi walikunywa kahawa huku kijito cha bluu kikipita miguuni pao, wakazoea, wakafika hata mahali pa kujua kama binti ana kazi nyingi au chache kwa kutazama chini tu. Halafu, siku hizi za karibuni, bluu ikaanza kufifia. Sasa maji yalipita maangavu, yenye umanjano kidogo kama chai iliyotiwa majani kwa ubahili, na jambo hilo liliwanyima usingizi watu ambao bluu yenyewe haikuwahi kuwasumbua.

Asubuhi hiyo jambo hilo lilikuwa na uzito zaidi, maana mtu wa afya alikuwa njiani. Wakulima wa mboga kule mtaro unakoishia walikuwa wamechoka kumwagilia bustani zao maji ya bluu, wakaenda kulalamika. Wakuu wakasema atakuja mtu wa kupima maji yanayotoka kwa binti wa dobi, na yakitoka na rangi, karakana inapigwa kufuli papo hapo.

— Mimi siku zote nasema, anachanganya na maji ya bomba, alisema kinyozi, ambaye jina lake la benchini lilikuwa Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Bluu kidogo, bomba nyingi. Macho yanadanganyika.

— Bomba gani hilo? Shangazi akadakia huku akimimina. Bomba la mtaa huu linalokohoa tangu alfajiri mpaka jioni? Akilipata hilo la kuchanganyia rangi, aniletee na mimi la kuoshea vikombe.

— Ni filta, alisema Mzee Breki, aliyeendesha malori maisha yake yote na kustaafu akiwa na hakika kwamba dunia nzima ina injini mahali fulani chini yake. Maji yanaingia machafu, yanatoka safi. Hapo katikati kuna nini? Filta. Nimemaliza.

— Filta ya rangi? Rangi si mchanga, mzee.

— Kama filta yako haishiki rangi, umeuziwa filta feki.

Mwokaji mikate, waliyemwita Hamira, alikuwa amekaa katikati na unga kwenye nyusi. Yeye hupenda kungoja wenzake wachoke kwanza.

— Nyote hamjui, alisema. Binti ana dawa. Ya unga. Unaweka kijiko, bluu inajikunja, inazama chini, inalala.

— Inalala inaota nini? aliuliza Redio.

— Inaota wewe umenyamaza.

Dobi alicheka nao, lakini kicheko chake kilikuwa cha mtu mwenye habari zake moyoni. Benchini walimwita Pasi, kwa jinsi mgongo na maneno yake vilivyonyooka. Asubuhi hiyo alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo kwa muda mrefu, na alikuwa anaitunza ili aitoe wakati watu wote wametulia.

Furaha yenyewe ilikuwa hii. Tangu binti yake akatae kurithi duka la udobi na kufungua karakana ya rangi, mambo yao hayakuwa mazuri. Hawakugombana, la. Walisalimiana, walikula pamoja, ila kazi haikutajwa. Dobi aliona amekosewa heshima. Yeye amezeeka akitoa rangi isiyotakiwa kwenye nguo za watu, mtoto wake wa kumzaa anakwenda kutia rangi kwa makusudi! Mara moja tu binti alijaribu kumweleza mambo ya mapipa yake ya kusafishia maji, na dobi akacheka kabla sentensi haijafika mwisho. Binti hakurudia tena. Ndipo jana jioni akaja mwenyewe, mikono ya bluu mpaka kwenye viwiko, akasema: "Baba, kesho anakuja mtu wa afya na mimi asubuhi napeleka mzigo kwa mteja. Ufunguo huu hapa. Nisaidie kupasafisha." Dobi aliupokea ufunguo ule kama mtu aliyepewa mjukuu ambebe.

— Nyinyi mnabahatisha, alisema sasa, akaweka kikombe chini. Mimi nimeingia ndani. Nimeyaona mapipa kwa macho yangu.

Benchi zima likamgeukia, na ubao ukalia.

— Mapipa ni matatu, yameunganishwa kwa bomba. Ndani mna maranda ya mbao, yamejazwa mpaka juu. Maji ya bluu yanaingia pipa la kwanza, yanapita la pili, yanatokea la tatu.

— Filta! Mzee Breki alipiga goti lake. Nilisema nini?

— Ngoja kwanza. Jamani, ndani mlikuwa mchafu, siwafichi. Ukungu! Mweupe, umetanda juu ya maranda na kushuka mpaka chini, mnene kama pamba ya godoro. Nikajisemea, kumbe watu wana haki ya kulalamika. Mwanangu kazi zimemzidi, hana hata nafasi ya kuosha mapipa. Mtu wa afya angefunua kifuniko tu, tungekwisha.

— Ukafanyaje? aliuliza Hamira.

— Ukungu na mimi tunafahamiana tangu ujana. Ukiuona kwenye shuka, dawa yake ni moja. Nikachukua jiki, kila pipa galoni lake, nikakoroga kwa mti mpaka nikaona umenywea. Hata harufu ya uyoga imekwisha. Sasa hivi unaweza kulaza mtoto mle ndani.

— Baba ni baba, alisema Redio kwa heshima, na Mzee Breki akaagiza kahawa nyingine kwa ajili ya dobi.

Lakini kahawa haikumiminwa. Shangazi alikuwa amesimama na birika mkononi, limeinama nusu, wala halitoi kitu.

— Pasi, alisema polepole. Umeumwagia nini ule ukungu?

— Jiki.

— Wote?

— Mimi kazi ya nusunusu siiwezi, Shangazi. Unanijua.

Shangazi akalirudisha birika kwenye moto. Akajifuta mikono kwenye kanga, akakaa juu ya ndoo yake, jambo ambalo hakulifanya wakati wa wateja.

— Mwanao huja kwangu kila jioni kuchukua machicha ya kahawa, alisema. Nilimuuliza ya nini. Akaniambia ya kulishia. Nikamuuliza unalisha nini, kuku? Akasema, nalisha uyoga, Shangazi. Ule mweupe uliouona ndio uyoga wenyewe kabla haujatoa vichwa. Kaupanda. Kaulea. Ndio unaosafisha maji.

Dobi alitabasamu, kama mtu anayesubiri mzaha uishe. Shangazi hakutabasamu.

— Ukungu unasafisha? aliuliza dobi.

— Alinieleza hivi, na mimi nakueleza nilivyoelewa. Uyoga ule porini hula miti. Sasa mti ni mgumu na uyoga hauna meno. Kwa hiyo unatema vitu fulani. Vinaitwa vimeng'enya. Vinaukatakata mti vipande vidogo, unakuwa laini, ndipo uyoga unafyonza. Na rangi ya jinzi, kwa vile vimeng'enya, haina tofauti kubwa na ule ugumu wa mti. Vinaikatakata nayo. Ikishakatika, si bluu tena. Maranda ni nyumba tu. Mfanyakazi alikuwa ukungu.

Dobi aliyatazama maji ya mtaroni, yale maangavu, yaliyobaki ya jana, na akaelewa kwamba ndiyo ya mwisho. Ndani ya karakana kulikuwa na tangi limejaa maji ya bluu ya kufulia, yanayongoja kupitishwa kwenye mapipa mbele ya mtu wa afya. Na mapipa sasa yalikuwa maranda matupu yanayonuka jiki. Ufunguo ule wa jana! Alitamani ardhi ipasuke imchukue pamoja na upande wake wa benchi.

Wenzake nao walielewa, ila benchi likielewa jambo zito haliwezi kukaa nalo kimya.

— Vimeng'enya, alisema Hamira. Hilo neno nalijua. Ile dawa ninayotia kwenye unga ili mkate ubaki laini mpaka kesho yake, mwenye duka aliniambia ni vimeng'enya, na vinatolewa kwenye kuvu. Nikamwambia punguza sauti, wateja wangu wapo nyuma.

— Yaani mimi kila asubuhi nakula mate ya kuvu? Redio aliuliza.

— Na unaomba uongezewe.

— Kule gereji yetu ya zamani, alisema Mzee Breki, palikuwa na kona ya kumwagia oili chafu. Ardhi nyeusi, hata jani halioti. Fundi mmoja akatupa pale magogo yaliyooza yenye uyoga. Baada ya mvua kadhaa, majani yakaota. Sisi tukasema ni mvua. Kumbe vilikuwa vinakunywa oili! Sasa hebu fikirini, vikizoea oili, vikapanda kwenye tangi la dizeli. Unalaza lori limejaa, asubuhi linawaka taa nyekundu. Utamshtaki nani?

— Hilo dogo, mzee, alisema Redio, na sasa alikuwa amewaka. Binti mwenyewe aliniambia siku nilipomnyoa mjomba wake. Zamani jinzi zilifuliwa pamoja na mawe ili zichakae na kulainika. Siku hizi anaweka unga wa vimeng'enya, vinatafuna nyuzi za juu juu, suruali inakuwa laini. Vinatafuna pamba, mnanisikia? Sasa nani kahakikisha kwamba vimeshiba? Umevaa jinzi yako, upo harusini, umesimama utoe nasaha kwa maharusi, na vyenyewe chini vinaendelea na kazi.

— Huvitoa kwa maji ya moto, alisema Shangazi. Vikipata moto sana vinakufa nguvu.

— Vyote? Una hakika hata kimoja hakikujificha mfukoni?

Siku nyingine dobi angecheka mpaka avunjike mbavu. Leo maneno yalimpita tu.

— Hata sabuni yako, Pasi, alisema Hamira. Ile ya unga inayokula madoa ya mafuta na mchuzi. Kinachokula ni hivyo hivyo. Baadhi hutoka kwenye kuvu. Miaka yote hii unafua na jamaa zao.

— Na leo kawaua ndugu zao, alisema Redio, kisha akauona uso wa dobi na kujuta. Samahani, Pasi. Ulimi wangu.

Wakati huo alikuwa amekuja mama mmoja wa makamo mwenye kikapu, viatu vyake vina tope mbichi. Aliuliza kama pana nafasi. Watu wa benchi wakasogeleana, akakaa ukingoni karibu na Redio, akaomba kahawa isiyo na sukari. Hakuna aliyemtilia maanani, maana walikuwa wanamngoja bwana mwenye kofia na kalamu sikioni. Redio, ambaye haachi mgeni akae bila habari, alimnong'oneza kisa chote tangu bluu mpaka jiki, na kumwonyesha mwenye kosa kwa kidevu.

— Tusimlaumu mtu, alisema Mzee Breki kwa sauti ya mwenyekiti. Gari limezimika, tunaliwashaje? Mimi nasema linahitaji kusukumwa. Chukua kipande cha ukungu kilicho hai, popote, kitupe ndani. Kitawaamsha wengine.

— Mimi nina mkate umeota kuvu la kijani, alisema Hamira. Naleta sasa hivi.

— La kijani si jeupe.

— Kazi ni kazi. Nawe ulipoendesha lori ulichagua rangi? Tutie na hamira, sukari na maji ya uvuguvugu, tufunike na blanketi. Mpaka mtu wa afya afike, vimeumuka.

— Vikiumuka na jiki ndani? aliuliza Shangazi.

— Basi tuvipulizie hewa. Redio asimame juu ya pipa aongee. Hewa yake ni ya moto.

Redio alikuwa ananyonya meno, na watu wakamwangalia, kwani kinyozi yule akifikiri, uso wote unaonekana unafanya kazi ngumu.

— Jamani, alisema. Jiki inatoa rangi. Au siyo, Pasi? Ukiimwagia jinzi, inakuwa nyeupe.

— Inakuwa, alisema dobi.

— Basi tumemaliza! Kwani mtu wa afya anataka nini? Anataka maji yasiwe bluu. Chukua jiki nyingine, mimina kwenye lile tangi la bluu, subiri, fungua koki. Yanatoka meupe. Anapima, anaondoka. Mwanao hajui, mtu wa afya hajui, na mapipa utayapanda upya polepole. Nani ataumia?

Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, mtu wa benchi alikuwa amesema jambo linalowezekana, na hicho ndicho kilichomtisha dobi. Alijua litafanya kazi. Ndani ya duka, nyuma ya pazia, yalikuwepo magaloni ya kutosha. Ufunguo ulikuwa mfukoni. Binti hajarudi, au kama amerudi, amepita mlango wa nyuma na yuko anabadilisha nguo. Dobi angeweza kuinuka, akamimina, akarudi kukaa, na kosa likaondoka kama doa. Binti angemshukuru kwa usafi, na wangekula chakula cha jioni wakizungumza habari za kazi kama watu wazima wawili. Moyo wake ulilitaka jambo hilo kwa nguvu. Alitaka shukrani ile kuliko alivyotaka kahawa yoyote aliyowahi kunywa.

— Wataumia wale wa mboga, Shangazi alisema. Bluu waliiona wakalalamika. Jiki hawataiona. Watamwagilia.

— Mara moja tu, alisema Redio, lakini sauti ilikuwa imepungua.

Dobi aliijua jiki kuliko wote. Alijua inavyoitoa rangi kwenye shati, na alijua kwamba ukiizidisha, baada ya muda mfupi kola inachanika yenyewe mkononi na mwenye shati anadhani umemwibia. Hata hivyo aliinuka nusu. Ubao ukaanza kunyanyuka upande wake, wenzake wakashika vikombe.

— Samahani, alisema yule mama mgeni. Mimi nimefika sasa hivi, labda sikusikia vizuri. Huyo binti mwenyewe ameshaambiwa?

Redio alimtazama Hamira. Hamira alitazama unga kwenye vidole vyake. Mzee Breki alikohoa kikohozi cha mtu anayetafuta gia. Walikuwa wamezungumza juu ya mikate, malori, harusi na blanketi, na mwenye mapipa, kama amesharudi, yuko nyuma ya ukuta walioegemea, hata sauti ya juu ingemfikia.

— Bado, alisema dobi mwishowe.

— Aa, alisema mama yule. Akafunua kikapu kutafuta leso, na watu wakaona ndani: chupa ndogo za kioo zenye vifuniko, zimepangwa kwenye kasha, na glavu nyeupe. Redio alizima. Ilikuwa mara ya kwanza tangu benchi lile liwekwe.

— Nilianzia kule chini kwenye mboga, alisema mama wa afya, akijifuta kidole kilichomwagikiwa kahawa. Ndiyo maana nimechelewa. Alimtazama dobi bila ukali. Kahawa ya hapa ni ya moto sana. Nitaimaliza taratibu.

Dobi akajikaza kisabuni, akaenda.

Binti alikuwa amerudi. Alikuwa amevaa mabuti na aproni, anafunga mpira wa maji kwenye koki ya tangi la bluu. Alipomwona baba yake uso wake ulifunguka.

— Baba! Umepasafisha hivi? Hata kizingiti kinang'aa. Sijui nikushukuruje.

Hiyo ndiyo shukrani aliyokuwa ameitamani tangu jana, na aliipokea ikamchoma.

— Usifungue hiyo koki, alisema.

— Kwa nini?

— Nimeua ukungu wako. Nilidhani ni uchafu. Nimetia jiki kwenye mapipa yote.

Binti aliuacha mpira. Akaenda pipa la kwanza, akafunua, harufu ikampiga. Akatia mkono ndani mpaka kwenye kiwiko na kutoa konzi ya maranda. Ile pamba nyeupe ilikuwa imegeuka utelezi wa kijivu. Alifanya hivyo pipa la pili, na la tatu, kama mtu anayemtikisa mgonjwa kwa kutotaka kuamini habari zake.

— Nilisema upasafishe, baba, alisema kwa hasira. Ufagie. Upange. Nani alikwambia ufunue mapipa? Mbona hukuuliza?

— Na wewe mbona hukunieleza?

— Nilikueleza. Ulicheka.

— Nilicheka, alisema dobi. Nilikosa wakati ule, na leo nimekosa zaidi. Kule nje wamenishauri nitie jiki kwenye tangi usijue, na nilikuwa nimeshainuka kwenda. Nakwambia hilo nalo ili lisibaki.

Kabla binti hajasema kitu, mama wa afya alibisha mlango kwa ukucha, akaingia na kikapu chake, akajitambulisha kana kwamba hakuwahi kukaa benchini. Akatoa chupa moja.

— Niko tayari kupima maji yanayotoka, alisema.

— Leo hayatoki, alisema binti. Alinyoosha mgongo, na kwa kunyooka huko alifanana na baba yake. Mapipa yangu yamekufa. Nikifungua sasa, itatoka bluu na jiki. Siwezi kufungua.

— Yamekufaje?

— Sikumfundisha mtu wangu wa nyumbani namna ya kuyatunza.

Dobi alitaka kusema ni mimi, lakini mama wa afya aliinua kiganja. Alikwishajua yote. Alitazama tangi lililojaa, akatazama marundo ya jinzi zinazongoja, akairudisha chupa kwenye kasha.

— Maji yasipotoka, sina cha kupima, alisema. Ila na wewe usifue. Yale ya mapipa na haya ya tangi yakae hapa hapa. Tone likitoka kabla mapipa hayajapona, nitakuja na kufuli.

Alipoondoka, binti alikaa juu ya rundo la suruali. Mteja mkubwa asingengoja, hilo wote wawili walilijua. Angechukua jinzi zake na kuzipeleka kwa mwingine. Binti alilia kidogo, akajifuta kwa mkono, na shavu likabaki na mstari wa bluu. Dobi alisimama pale asijue aweke wapi mikono yake.

— Zile chupa za rafuni, alisema binti baadaye bila kuinua kichwa. Zilizofunikwa kitambaa. Hizo nazo umeziosha?

— Sikuziona.

Binti aliinuka haraka. Akafunua kitambaa. Chupa zilikuwa zimejaa nafaka zilizofumwa weupe, hai, mzito, unanuka msitu baada ya mvua. Ilikuwa mbegu ya uyoga. Akashusha pumzi.

— Tunaanza upya, alisema. Maranda mapya, machicha ya Shangazi, na mbegu. Lakini maranda lazima yachemshwe kwanza, kuvu nyingine zisitangulie kuota. Jiko langu ni dogo. Itanichukua milele.

— Pipa langu la kuchemshia mashuka, alisema dobi. Linameza gunia zima.

— Lina sabuni.

— Nitalisuuza.

— Kwa maji matupu, baba.

— Kwa maji matupu.

Alibeba gunia la kwanza begani, kisha akasimama mlangoni. Lilikuwa swali la kitoto kwa mtu wa umri wake, lakini safari hii aliliuliza.

— Na huo ukungu mweupe ukianza kutanda tena. Nikiuona, nifanyeje?

— Usifanye kitu, baba. Utazame tu. Ukishindwa kabisa kujizuia, toka nje ukanywe kahawa.

Nje, benchi zima lilikuwa limegeuza shingo mlangoni. Redio aliuliza binti amesemaje, na Mzee Breki akasogea kumpa nafasi. Dobi aliwapita na gunia lake, akaingia uani kwake kuwasha moto.